Kunyoosha madigadi ya Land Rover kwa mkono wa mpiga shaba: shajara ya kazi, Lubumbashi

Jumatatu

Leo imeingia Land Rover Series III ya chasisi fupi. Madigadi ya mbele ya kushoto imebonyea kuanzia kwenye taa hadi karibu na mlango. Zamani iligonga nguzo ya geti, ikatengenezwa mahali fulani kwa masitiki, ule uji mzito wa kujazia mabonde ya bati ambao ukikauka unakuwa mgumu, na mwezi uliopita lori likaigusa tena kwenye barabara ya Kasumbalesa. Masitiki ikapasuka na kuanza kudondoka vipande. Papa, yaani mzee, mwenye gari ametaka jambo moja tu: "Fundi, usinitilie tena ule unga." Anataka bati lake lenyewe lirudi. Tumekubaliana bei ya kazi nzima, si ya siku, kwa hiyo subira yote nitailipia mimi.

Nimebandua masitiki kwa moto mdogo na kwangua. Mahali pengine unene wake ulishinda kidole. Chini yake bati limejaa alama za nyundo ya chuma, pigo juu ya pigo, limepigwa hadi likavimba, kisha likafunikwa. Karibu na tundu la bolti kuna ufa. Na pale vibano vya chuma vinapogusa bati pametoka unga mweupe: metali mbili tofauti zikishikana na maji ya mvua yakiingia katikati, inayoliwa ni alumini.

Mdogo wangu wa kazi amejaribu sumaku, imeanguka chini. Akanitazama. Nikamweleza kwamba gari hizi zilianza kutengenezwa 1948, Uingereza ikiwa imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgao na alumini inapatikana kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana fremu ni chuma lakini ngozi karibu yote ni alumini yenye magnesi kidogo. Hiyo magnesi inaipa nguvu. Pia inaifanya ikaze upesi chini ya nyundo.

Amenisikiliza kwa heshima, halafu akasema, "Yaya (kaka mkubwa), tutiye tu masitiki, leo inaisha."

Jumanne

Hakuna pigo hata moja leo. Nimekata katoni kufuata umbo la madigadi ya kulia, ambayo haikuguswa sana, nikapata vipimo vya kugeuza na kuweka upande wa kushoto: kimoja juu ya gurudumu, kimoja nyuma ya taa, kimoja kwenye mkunjo wa juu. Nikachora bati lote kwa chaki. Mviringo ni palipovimba, mistari ni palipozama, na mshale unaonyesha pigo lilikotoka.

Jirani yetu wa karakana ya pili, tolie (fundi wa kunyoosha bati za magari) wa siku nyingi, amepita akaona chaki. "Unapiga gari ao unapiga tabloo?" Tabloo ni picha inayopigwa kwenye bati la shaba. Tumecheka. Yeye leo amemaliza mlango wa HiAce ya abiria na ameshalipwa.

Jumanne, usiku

Niandike kidogo habari ya shaba, maana pasipo hiyo shajara hii haieleweki. Mchana mimi ni tolie. Jioni, baada ya bukari (ugali), nakaa uani na kipande cha bati la shaba la nusu milimita, nyundo ndogo na patasi butu nilizonoa mwenyewe. Ni kazi ambayo mji huu unaijua. Shaba ya kwanza ilimiminwa kwenye tanuru za hapa mwaka 1911, bomba refu la moshi bado limesimama, na kwenye sebule nyingi za wazee utakuta tabloo ya mama anayetwanga au ya mtumbwi. Wengine hupiga kwa kuuza. Mimi siuzi, ndiyo maana naweza kukaa jioni nzima kwenye sikio moja la swala bila mtu kuniuliza itaisha lini.

Shaba ukiipiga inakaza. Mapigo ya kwanza yanazama bila ubishi. Baada ya muda nyundo inaanza kurushwa, sauti inapanda, umbo halisogei tena. Asiyejua huongeza nguvu hapo hapo, na bati linapasuka kwenye ukingo wa umbo. Anayejua huweka nyundo chini, huwasha shalumo, yaani kichomeo cha gesi, huipasha shaba hadi iwe nyekundu iliyofifia, huitia majini, nayo inarudi laini. Chuma cha patasi ukikifanyia hivyo maji yatakikaza. Shaba haidhuriki, tena ule weusi wa moto unabanduka. Halafu unaanza upya. Tabloo yenye kina inapita motoni mara nyingi kabla haijaisha.

Chini ya bati naweka lami iliyochanganywa na unga wa matofali. Inalishika bati lisiruke, lakini inakubali kusukumwa. Ukiipunguzia unga, lami inakuwa laini mno na pigo linazama kupita ulivyotaka. Ukiuzidisha, bati linanyooka kati ya nyundo na kitu kigumu, linakuwa jembamba bila kupata umbo.

Hayo yote nitayahitaji wiki hii, na sikuyapata garajini. Garajini tunafundishwa nyundo moja na mwendo mmoja, kwa sababu mteja amesimama mlangoni.

Jumatano

Siku ya moto. Hapa shaba na alumini zinaachana, na anayetoka kwenye moja kwenda nyingine lazima ajue zinapoachana. Shaba inakuonyesha rangi. Naipasha jioni, jua likishazama, maana kwenye mwanga mkali wekundu ule hauonekani. Alumini haikuonyeshi kitu. Inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi, shaba kwenye 1085, na kabla ya kuyeyuka haigeuki nyekundu. Unaitazama ni bati, unapepesa jicho ni tundu.

Dawa yake ni sabuni ya kufulia, ile ya kipande. Nimeisugua kavu juu ya sehemu zote nilizochora, mdogo wangu akashika madigadi wima, nami nikapasha kutoka upande wa pili kwa shalumo yenye asetilini nyingi, moto laini, mkono ukitembea muda wote. Sabuni inakuwa njano, kisha kahawia. Inapokuwa nyeusi, bati limefika. Unaondoka hapo mara moja. Kazi hii inataka mchana, kinyume kabisa cha shaba.

Alumini inapitisha joto karibu mara tatu ya chuma, na shaba inaizidi. Tolie aliyezoea chuma huelekeza moto mahali pamoja na kungoja. Kwa alumini joto linakimbia pembeni, yeye anazidi kungoja, na bati zima linakuwa la moto hadi linajikunja. Mkono uliozoea shaba tayari unajua kwamba joto halikai ulipoliweka, kwa hiyo unazungusha na kulifuata linakoenda.

Mdogo ameniuliza kwa nini nisitie maji. Ningeweza, kwa alumini hii ulaini ungekuwa ule ule. Lakini bati pana likipoa upande mmoja ghafla linapinda, na kupinda kumeshatutosha. Tumeliacha lipoe lenyewe kivulini.

Baadaye nimegonga kwa ukucha sehemu iliyopashwa na ile isiyopashwa. Ya kwanza inatoa sauti nzito, ya pili inalia. Mdogo amegonga, akagonga tena, akatikisa kichwa. Hasikii tofauti.

Alhamisi

Umeme hakuna tangu alfajiri, na joto la Oktoba haliongeleki. Sikuuhitaji umeme, ila karakana jirani yote imehamia uani kwetu kupiga soga, na kazi hii haiendi na soga. Nimempa mdogo kipande cha shaba kutoka nyumbani na nyundo yangu ndogo. Sikumwambia achore kitu. Nimemwambia apige mahali pamoja hadi sauti ibadilike, aniite.

Ameniita. Ilikuwa imebadilika muda mrefu kabla hajaniita, lakini ameniita. Nikaipasha, akapiga tena. Kufikia saa tisa alikuwa ananiita kabla sijageuza kichwa.

Ijumaa

Leo tumepiga.

Mwanzo si pale palipozama sana. Macho yanakuvuta huko, na fundi aliyetangulia alivutwa huko: alama zake zote zimejaa katikati ya shimo. Lakini bati lilipogongwa lilianza kuzama mahali pamoja, kisha mawimbi yakatembea hadi pembeni na kujifunga kwenye mikunjo midogo. Mikunjo hiyo ya mwisho ndiyo imelishika shimo lisirudi. Ukiifungua kwanza, sehemu kubwa inajiinua yenyewe. Kwa hiyo tumeanza pembeni, nyuma ya taa, kwa nyundo ya mbao na mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, mapigo madogo yanayofuatana, kutoka ncha za mkunjo kuja katikati yake.

Mfuko wa mchanga ndiyo lami yangu ya garajini. Unapokea bati bila kulibana.

Baada ya mfuko, tasi, kile kipande cha chuma kizito ambacho tolie anakishika nyuma ya bati kwa mkono wa kushoto. Hapa ndipo kazi nyingi zinaharibika, nami niliandika maelezo haya kwa ajili ya mdogo wangu, atayasoma. Kuna kupiga juu ya tasi na kupiga kando ya tasi. Ukipiga juu yake, bati liko katikati ya vyuma viwili: linalainika uso, lakini pia linakuwa jembamba na pana zaidi. Ukipiga kando, yaani tasi inasukuma palipozama kutoka chini huku nyundo inashusha palipovimba pembeni yake, vyote viwili vinarudi mahali pake na bati halijapanuka. Mlio unakwambia. Juu ya tasi unalia mkali, kando ya tasi ni mzito. Fundi anayesikia mlio mkali kutwa nzima anazalisha bati la ziada ambalo halina pa kwenda, na bati lisilo na pa kwenda ndilo linalozaa masitiki.

Leo mlio wetu ulikuwa mzito karibu muda wote. Nyundo nimeishika mwisho wa mpini kwa vidole, inaanguka kwa uzito wake, kama ninavyoishika kwenye shaba. Bega halifanyi kazi. Ukimaliza siku na bega linauma, umepiga sana.

Mara mbili bati limeanza kurusha nyundo. Tukasimama, sabuni, moto, kungoja. Kila kusimama kunakula nusu saa na zaidi, kwani bati la moto huwezi kulipiga na kulipima pamoja. Jirani ametoka na gari la pili la leo. Sina neno naye: kwa HiAce inayogongwa kila wiki sokoni, masitiki siku hiyo hiyo ni uamuzi wa busara, na mimi mwenyewe nayafanya hayo. Lakini bati lililotiwa masitiki likija mara ya pili, kazi inakuwa mara mbili, na leo ninaishika kwa mikono yangu.

Jioni katoni ya nyuma ya taa imekaa bila mwanga kupita chini yake. Ile ya juu ya gurudumu bado.

Jumamosi

Juu ya gurudumu bati linaruka. Unalibonyeza kwa kidole gumba linaingia, tik, unaachia linatoka, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Hapo ndipo fundi wa kwanza alipopiga juu ya tasi hadi bati likapanuka. Hakuna nyundo ya kuondoa hilo. Lazima bati lisinyae.

Kwa chuma ni rahisi: unapasha doa dogo hadi liwe jekundu, linavimba, unaligonga kuelekea katikati, unatia kitambaa chenye maji, linajivuta. Kwa alumini ni kanuni ile ile, ila doa halikai doa, joto linatawanyika kabla hujachukua nyundo. Inabidi ncha ndogo ya shalumo, moto mkali wa sekunde chache, na watu wawili waliozoeana. Mimi moto na nyundo ya mbao, mdogo tasi na kitambaa. Tumefanya doa moja, tukalingoja lipoe kabisa, tukabonyeza. Tena pembeni yake. Hapa hamu ya kuongeza doa moja zaidi ni kubwa, na ukiizidisha bati linavutwa kupita kiasi na kujikunja upande mwingine. Tumeacha lilipoacha kuruka, ingawa katoni bado inaonyesha uwazi wa unene wa karatasi.

Mdogo ametaka tuumalize uwazi huo. Nimemwambia tupa itausema.

Usiku sikupiga shaba. Mikono ilikuwa na hamu, macho hayakutaka.

Jumatatu

Ufa. Nimetoboa tundu dogo pale unapoishia ili usiendelee kutembea. Kisha nimekata ukanda mwembamba kutoka kwenye kipande cha madigadi kuukuu ya gari la aina hii, niutumie kama waya wa kuchomelea, maana ukichanganya alumini usiyoijua hujui itapasuka wapi.

Juu ya alumini daima kuna ngozi nyembamba ya oksidi, na ngozi hiyo inayeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2000. Ndani imeyeyuka kama maji, juu bado ni ganda. Nimepiga brashi ya waya safi isiyogusa chuma, nikapaka dawa ya kuchomelea alumini, nikashona ufa kwa vipande vifupi. Tumefanya nje, upepo ukitoka nyuma yetu, kwa kuwa moshi wa dawa hiyo si wa kuvuta. Ikapoa, tukaosha kwa maji ya moto na brashi, mbele na nyuma, zaidi ya mara moja. Mabaki ya dawa yakibaki yanakula bati chini ya rangi, na atakayelaumiwa baada ya mwaka ni rangi.

Jumatano

Tupa ya bodi, ile yenye meno ya upinde. Nimepaka chaki kwenye meno ili alumini isiyazibe. Unaivuta kwa upole, mshazari, uzito wake wenyewe unatosha. Palipo juu panang'aa, palipo chini panabaki na rangi ya kijivu. Hapo bati linajieleza lote, na vile vidoa vya kijivu unavipandisha kutoka nyuma kimoja kimoja kwa ncha ya nyundo, pigo moja, unavuta tupa tena.

Hili ndilo jambo shaba haikunipa. Kwenye tabloo alama ya nyundo ndiyo uzuri. Ukiisawazisha umeua kazi. Kwenye madigadi kazi nzima inafanywa ili isionekane, na anayeisifu inabidi aambiwe palikuwa na nini. Nimejikuta naacha alama ndogo nyuma ya bati, upande wa gurudumu, ambako hakuna atakayepaona. Nimeziacha.

Na tupa si rafiki wa mtu mwenye pupa. Kila mvuto unaondoa bati, na bati hili lina zaidi kidogo tu ya milimita moja. Nimemfundisha mdogo kuvaa soksi kuukuu mkononi, kufumba macho na kupitisha kiganja chote kwa urefu. Kitambaa kinaondoa msuguano, kiganja kinabaki na umbo. Amepata bonde juu ya gurudumu ambalo mimi nilishalipita, ule uwazi wa karatasi. Mapigo matatu mepesi, likaisha.

Ijumaa

Imefungwa. Kati ya vibano vya chuma na alumini tumepaka rangi pande zote na kutia gundi ya kuziba, bolti zote zimepita na grisi. Rangi ya msingi ni ile inayoshika kwenye alumini. Ya kawaida ingebanduka na mvua za kwanza. Uwazi kati ya boneti na madigadi unalingana kulia na kushoto. Hatukutia masitiki, ila kuna mkwaruzo mmoja karibu na mshono wa ufa ambao rangi nzito ya kwanza itauziba.

Papa amekuja saa kumi, akazunguka gari bila kusema, akapiga madigadi kwa kifundo cha kidole kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. "Zinalia sawa," akasema. Akaniuliza kama nitashughulikia pia mabonde ya kulia. Nimemwambia ayaache: ni madogo, ya zamani, bati lake halijapanuka, na moto usio na sababu ni hasara. Amelipa sehemu kubwa, iliyobaki atamalizia rangi ikikauka.

Hesabu ya fedha: nimepata kidogo kuliko jirani kwa muda ule ule. Ila jirani huyo ameniletea leo mlango wa alumini wa Land Rover nyingine, ambao hakutaka kuugusa, na bei nimeitaja mimi.

Mdogo ameomba kuchukua kile kipande cha shaba nyumbani. Nimempa, pamoja na patasi moja butu.

Kilichobaki: skrubu mpya za pete ya taa, na rangi ya mwisho, ambayo tutaipiga Jumatatu asubuhi mapema, kabla upepo haujainua vumbi.